Lenzi Iliyotaka Kula Safari Yetu

Msomaji wangu, mwezi huu naanza kwa kukiri kosa. Katika kurasa hizi tunakuhimiza kila siku wewe na mwenzi wako mkae chini, mzungumze mambo ya fedha, msifichane. Nimehariri makala za namna hiyo hadi nimezikariri. Halafu mimi mwenyewe, mhariri, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, nikachukua shilingi 400,000 kwenye akiba ya kiwanja, nikaenda kuziacha dukani kama malipo ya awali ya lenzi ya kamera. Bila kumwambia mume wangu. Eti nitamwambia baadaye!

Nilichotaka kukuandikia ni safari ya Mikumi. Lakini siwezi kuisimulia safari hiyo bila lenzi hiyo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Twiga kama kijiti cha kiberiti

Safari ilikuwa ya kutimiza miaka saba ya ndoa. Tulikubaliana mapema: hakuna sherehe, hakuna kadi za michango, hakuna keki ya ghorofa tatu. Siku tatu Mikumi, sisi wawili tu, watoto wakae kwa bibi yao Kimara. Tulitenga shilingi 900,000 za safari yote na nyingine 500,000 za lenzi. Kamera tulikuwa nayo tayari, Canon EOS 700D ya mkono wa pili, pamoja na ile lenzi ndogo inayouzwa nayo, ya milimita 18 hadi 55.

Kwa nini lenzi nyingine? Kama umewahi kupanda basi la Iringa au Mbeya, jibu unalo. Barabara kuu inapasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na ukiwa umekaa dirishani na soda yako unaweza kuwaona pundamilia, nyani na swala bila kulipa senti. Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunakwenda msibani Iringa. Nikamwona twiga, nikapiga picha haraka haraka. Niliporudi nyumbani na kuifungua, twiga alikuwa kama kijiti cha kiberiti kilichochomekwa kwenye nyasi. Baba Watoto alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nikaapa kwamba nitarudi, na safari hiyo twiga ataijaza picha.

Utaniuliza, si ungetumia simu? Simu nyingi ukizivuta mno hazisogezi kitu, zinakata tu kipande cha katikati na kukipanua, na sura ya mnyama inageuka uji. Kwa wanyama wa mbali unahitaji lenzi inayovuta kwa vioo vyenyewe.

Duka la katikati ya jiji

Wiki tatu kabla ya safari niliingia kwenye duka moja la kamera katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kichwani nilikuwa na 500,000. Muuzaji akaniuliza ninakwenda kupiga nini. Nilipotamka tu "wanyama", akafungua kabati la nyuma na kutoa kitu cheupe, kizito, kama chupa ya chai ya ofisini.

"Dada, hii ndiyo wanayotumia wale wa Serengeti," akasema. "Hizo ndogo ni za birthday za watoto."

Ilikuwa Canon ya milimita 100 hadi 400, toleo la 1998, lile la kuvuta kwa kusukuma mbele na kurudisha nyuma. Imetumika, lakini safi. Bei yake 1,700,000. Nikaifunga kwenye kamera, nikailenga ng'ambo ya barabara, na nikasoma maandishi madogo kwenye kibao cha wakili ghorofa ya tatu. Mwenzangu, nilipagawa!

Nikaanza kupiga hesabu za mtu aliyepagawa. Laki tano za lenzi zipo. Laki nne nitaazima kwenye akiba ya kiwanja. Laki nane zilizobaki nitazikata kwenye safari, tulale pa bei nafuu zaidi, tule mihogo. Sikujiuliza mtu anakwendaje Mikumi siku tatu, wawili, kwa shilingi 100,000 zitakazobaki. Nikatoa simu, nikahamisha laki nne pale pale kaunta, nikaondoka na risiti.

Laki nne imekwenda wapi?

Akiba ya kiwanja tunaiweka kwenye laini ya simu iliyo kwa jina langu. Siku ya mshahara Baba Watoto aliongeza fungu lake, akaniomba nimwonyeshe salio. Nikamwonyesha, nitafanyaje?

"Mama, hii laki nne imekwenda wapi?"

Nikamweleza. Nikaanza na picha, kumbukumbu, ukuta wa sebule, na jinsi lenzi nzuri isivyoshuka thamani. Hakupandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Ungeniuliza, ningekataa. Na wewe ulijua. Ndiyo maana hukuniuliza."

Siku tatu tulizungumza mambo ya watoto na umeme tu. Unaijua ile hali ya kusema "chakula tayari" kama unatangaza kituo kwenye daladala? Hiyo. Usiku wa pili aliniuliza kama safari bado ipo, na niligundua kwamba sikuwa na jibu. Lenzi nilikuwa nimeitaka kwa ajili ya safari, na sasa ilikuwa inakaribia kuifuta.

Karatasi mezani

Usiku wa nne alikuja mezani na karatasi, rula na kalamu. Mume wangu ni mpima ardhi, na mtu wa namna hiyo hasira zake zikipoa anapima.

"Nieleze unataka kumpiga nani picha, na atakuwa umbali gani," akasema. Swali hilo muuzaji hakuniuliza, na mimi pia sikuwa nimejiuliza. Nilijua nataka lenzi kubwa, basi.

Akanifundisha hesabu ndogo ambayo nakupa na wewe bure. Sensa ya kamera kama yetu ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9. Gawanya upana huo kwa milimita za lenzi, kisha zidisha kwa umbali wa mnyama. Jibu ni upana wa eneo litakaloonekana kwenye picha. Tukachukua lenzi ya milimita 250 na mnyama aliye mita 50: tukapata upana wa karibu mita 4.5 na kimo cha mita 3. Tembo dume mkubwa hufika mita 3 begani. Maana yake, kwa mita 50 tu, tembo wangu anagusa juu na chini ya picha. Kwa milimita 400, umbali ule ule, kimo kinabaki chini ya mita 2. Tembo anakatwa miguu!

Kisha tukamweka simba. Mwili wake una urefu wa mita 2 hivi. Kwa mita 50 anachukua karibu nusu ya upana wa picha, safi kabisa. Kwa mita 200 anabaki sehemu moja ya tisa. Na ndege mdogo kama njiwa, hata kwa mita 20, anachukua chini ya sehemu moja ya tano. Hapo ndipo milimita 400 zina kazi yake. Anayekwenda kwa ajili ya ndege ana sababu ya kutafuta lenzi ndefu. Mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili ya twiga, tembo na mume wangu.

Jambo la pili lilikuwa mwanga. Kwenye kila lenzi kuna namba yenye herufi f, nayo inaeleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga mara nne ya lenzi ya f/5.6, na ndiyo maana lenzi za f/2.8 zinauzwa bei ya pikipiki na zaidi. Sasa cheki hii: lile jitu jeupe, ukilivuta mpaka mwisho, ni f/5.6. Na lenzi ndogo ya 55 hadi 250, ukiivuta mpaka mwisho, nayo ni f/5.6. Kwa hiyo ile milioni na zaidi ya ziada haikuwa inaninunulia mwanga wa alfajiri hata tone. Ilikuwa inanunua urefu, na vioo vizuri zaidi, sikatai.

Ya tatu ni mtikisiko. Lenzi ikivuta mbali, hata kupumua kwako kunaonekana. Kanuni ya zamani inasema kasi ya kupiga isiwe chini ya moja gawanya kwa milimita. Kwa kamera yenye sensa ndogo kama yetu unazidisha kwanza kwa 1.6, hivyo milimita 250 zinadai kasi ya 1/400 ya sekunde. Lenzi yenye kituliza mtikisiko inakusaidia kushuka chini ya hapo, lakini kumbuka: inatuliza mkono wako tu. Swala akiruka, ameruka.

Tukaandika nne kwenye karatasi, na bei nilizotajiwa mimi kwa zilizotumika. Ya 75 hadi 300, isiyo na kituliza mtikisiko, 250,000. Ya 55 hadi 250 yenye kituliza, toleo la 2013 lenye herufi STM, 380,000. Ya 70 hadi 300 yenye kituliza, 800,000. Na jitu letu, 1,700,000. Ya kwanza ilikuwa rahisi na ina milimita nyingi kuliko ya pili, lakini ukiivuta mpaka mwisho picha zake zinakuwa laini kama zimepigwa kwenye ukungu, na mkono ukitikisika hakuna wa kukuokoa. Ya tatu ilizidi bajeti. Ya pili ilikuwa na uzito wa gramu 375, chini ya nusu kilo ya sukari.

"Hii," nikasema. Nilitaka kusema na neno jingine. Nikalisema pia: "Nisamehe."

"Tukirudisha laki nne," akajibu. Lakini alikuwa anatabasamu.

Tochi ya simu

Tulirudi dukani wawili. Muuzaji hakufurahi, na simlaumu sana. Alikata 50,000 kwa kuwa lenzi ilikaa wiki nzima bila kuonyeshwa mteja mwingine, akarudisha 350,000. Zilirudi kwenye kiwanja siku ile ile. Ile 50,000 niliilipa kutoka mshahara wangu na kuihesabu kama ada ya shule.

Lenzi ya 55 hadi 250 tuliipata duka jingine, na safari hiyo sikupagawa. Kitu kilichotumika kinakaguliwa. Washa tochi ya simu, imulike upande mmoja na uangalie upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa joto na unyevu wetu wa pwani kuvu ni ugonjwa wa kawaida wa lenzi. Iache. Vumbi kidogo si neno. Angalia vibapa vya tundu la mwanga kama vina mafuta. Zungusha pete zote, usikie kama zinakwaruza. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, piga kitu cha karibu, kisha cha mbali, uone kama inashika haraka. Washa kituliza na usikilize: kinavuma kidogo, hakigongi. Mwisho piga kibao chenye maandishi ng'ambo ya barabara, uivute mpaka mwisho, kisha ikuze picha kwenye kioo cha kamera. Tulifanya yote hayo na muuzaji akawa anatuangalia kama watu wa TRA.

Treni, kisha barabara

Tuliondoka Dar Ijumaa ya mwanzo wa Septemba kwa treni ya umeme ya SGR. Treni hiyo ilipoanza safari za Morogoro Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na mwendo ni chini ya saa mbili. Kwa wapenzi wenye bajeti ndogo ni raha tupu: hakuna foleni ya Kimara wala Kibaha, mnakaa tu mnaangalia mashamba yakipita. Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, tulimkuta dereva tuliyemkodi pamoja na gari lake lenye paa la kufunguka. Mzee wa makamo, mpole. Tukamsalimu shikamoo, akaitikia na kutuita "wanangu" mpaka Jumapili.

Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 100 mpaka langoni. Ukiingia eneo la hifadhi utaanza kuona matuta na vibao vya kupunguza mwendo, na kibao cha faini kwa anayemgonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Baba Watoto alikisoma kwa sauti kama orodha ya vyakula. Kulala tulilala Mikumi mjini, nje ya hifadhi, ambako nyumba za wageni ni za bei ya kawaida kabisa, kisha alfajiri unarudi langoni. Kwa raia wa Afrika Mashariki kiingilio kinalipwa kwa shilingi, tena ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Watu wanaogopa hifadhi kwa bei za watalii ambazo si zao.

Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Jina lake ni la mti, jamii ya mnazi, mrefu na mnyoofu. Septemba ni kiangazi: nyasi zimekauka na kushuka, wanyama wanasogea kwenye maji, na njia zinapitika. Masika nyasi zinapanda, udongo mweusi unanasa magari, na simba anaweza kulala mita 10 kutoka kwako usimwone. Kwa mwenye lenzi fupi, kiangazi ni nusu ya lenzi. Mnyama anayesogea mwenyewe karibu na njia huhitaji kumvuta.

Asubuhi ya Mkata

Jumamosi tulikuwa langoni kabla jua halijachomoza vizuri. Uwanda wa Mkata upo upande wa kaskazini wa barabara, tambarare kama meza, milima imeuzunguka kwa mbali. Baridi kidogo, harufu ya vumbi lenye umande. Kundi la nyumbu na pundamilia lilikuwa limesimama njiani, na jua likawatokea mgongoni. Hakuna aliyesema kitu ndani ya gari kwa dakika nzima.

Hapo nikajifunza kwamba dereva ni sehemu ya lenzi. Mzee wetu alikuwa hasogei ovyo. Anazunguka mpaka jua liwe mgongoni mwetu, anasimama mbali kidogo, anasubiri wanyama wazoee, anasogea tena, kisha anazima injini. Gari likiunguruma, mtetemo wote unapanda kwenye mikono yako na kituliza mtikisiko kinashindwa. Na dirishani niliweka mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za mchele, ushauri wa Baba Watoto. Unailaza lenzi juu ya mfuko, mchele unajipanga wenyewe, lenzi inatulia kama imejengewa. Kwa mwanga ule mdogo nilipandisha ISO mpaka 1600 ili nipate kasi ya 1/500. Picha zina chembechembe kidogo. Afadhali chembechembe kuliko pundamilia mwenye pande mbili.

Twiga? Walikuwa sita, mita 30 kutoka njiani, wanakula miiba bila haraka. Wa mbele akageuka akatuangalia. Nikapiga. Kichwa, pembe na kope zote. Nikamwonyesha Baba Watoto kioo cha kamera. "Kijiti kimekua," akasema.

Simba wa mbali, tembo wa karibu

Sitakudanganya kwamba sikuijutia lenzi kubwa hata mara moja. Saa mbili asubuhi mzee akanyoosha kidole: simba jike, chini ya mti, mita 200 au zaidi, na hakuna njia ya kusogea upande ule. Kuacha barabara za hifadhi ni marufuku. Nikaivuta lenzi mpaka mwisho. Sehemu moja ya tisa, kama karatasi ilivyosema. Nikahisi ile 1,700,000 ikinichoma.

"Chukua," Baba Watoto akanipa darubini tuliyoazima kwa rafiki. "Wewe muone tu."

Nikamwona. Alikuwa na watoto wawili, wanamrukia mkia. Tulipokezana darubini nusu saa nzima. Nadhani ningekuwa na lile jitu jeupe ningeiona nusu saa hiyo kupitia kitundu cha kamera, na mwenzangu asingeona kitu.

Kuelekea saa sita jua lilikuwa kali na hewa juu ya uwanda ilikuwa inacheza kama juu ya jiko. Tulikuwa kwenye bwawa la viboko, mahali unaporuhusiwa kushuka, na pale alikuwepo bwana mmoja mwenye lenzi ndefu kama bomba la maji. Alikuwa analalamika kwamba picha zake za mbali zote zinatetemeka. Ni lile joto. Saa hizo hakuna lenzi, ya bei yoyote, inayoweza kunyoosha hewa. Weka kamera, kula, mkumbatie mwenzako, subiri saa kumi.

Saa kumi na nusu jioni tembo wakavuka njia. Mama, ndama, na nyuma yao jike kubwa, mita 15 kutoka kwenye gari. Mzee akazima injini na kutuashiria tusipumue. Nilikuwa nimeivuta lenzi mpaka mwisho na ndani yake niliona mikunjo ya ngozi tu, ukuta wa kijivu. Nikairudisha mpaka 55. Akaingia tembo mzima, mkonga hadi mkia, na vumbi la jioni miguuni. Ile lenzi nyeupe inaanzia 100. Kwa mita 15 ingenipa upana wa mita 3 na kitu. Ningerudi Dar na picha ya sikio! Na kubadili lenzi katikati ya vumbi lile, sahau.

Picha ya sebuleni

Usiku ule, kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, mbele ya kuku wa kuchoma, tulizungumza lile jambo mpaka likaisha. Nilimwambia kwamba nilichoogopa si "hapana" yake. Niliogopa kuonekana mtu wa kutaka vitu. Naye akasema kilichomuuma ni kwamba kiwanja ni ndoto yake, na niliichota kama vile ni yangu peke yangu. Sikuwahi kujua kwamba anaiona hivyo. Tukaweka sheria moja: chochote kinachozidi 100,000 kinajadiliwa na wawili, na namba ya siri ya laini ya akiba tunaijua wote. Najua, ndiyo yale yale tunayoyaandika humu kila mwezi. Kuyaandika ni kazi nyepesi.

Jumapili tulirudi Dar. Wiki iliyofuata tukachagua picha ya kuchapisha na kuweka ukutani. Mimi nilimtaka twiga, au tembo. Baba Watoto akachagua ile ya simba, ambayo mimi nilikuwa karibu kuifuta. Ni uwanda mkubwa wa nyasi za dhahabu, milima nyuma, mti mmoja, na chini yake kidoa cha rangi ya mchanga.

"Lakini haonekani," nikamwambia.

"Hivi ndivyo tulivyomwona," akajibu.

Ndiyo iliyopo ukutani. Wageni wakija wanauliza simba yuko wapi, nasi tunawaonyesha kwa kidole, kisha tunawasimulia. Mchele wa mfukoni tuliupika pilau. Na kiwanja? Bado tunaweka, wote wawili.

Kabla hujafungua pochi

- Jiulize kwanza utampiga nani picha, umbali gani, saa ngapi. Swali la lenzi gani lije baadaye.

- Piga hesabu: upana wa sensa, gawanya kwa milimita za lenzi, zidisha kwa umbali wa mnyama.

- Kwa bajeti ndogo, lenzi ya milimita 250 yenye kituliza mtikisiko ni bora kuliko ya 300 isiyonacho.

- Kwa safari moja tu, ulizia bei ya kukodi lenzi kabla ya kununua.

- Ya mkono wa pili ikaguliwe kwa tochi, kwenye kamera yako, mbele ya muuzaji.

- Nyumbani ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

- Beba mfuko wa mchele na darubini ya kuazima.

- Na kabla ya yote hayo, mwambie mwenzio. Hasa kama unajua atakataa.